Mtoto wa Miaka Kumi Apewe Kitabu Gani?

Upo umri katika maisha ya mtoto, aghalabu tangu miaka 9 hadi 13, ambao wazazi na walimu wengi huupita bila ya kuutupia jicho: mtoto amekwisha kujua kusoma, vijitabu vya picha vya paka na jogoo vimekwisha kumchosha, na riwaya za watu wazima, zenye mambo ya ndoa na siasa na machungu ya dunia, bado hazijawa zake. Katika umri huo ndipo msomaji apatikanapo au apoteapo. Aliyejifunza herufi akiwa na miaka 6, kisha akafika miaka 10 asipate hata kitabu kimoja cha kumnyima usingizi, hukua akidhani kuwa kitabu ni chombo cha mtihani, hukifungua kwa shuruti na kukifunga kwa furaha. Na mtu wa namna hiyo ukimpa maktaba nzima akiwa na miaka 30, atakushukuru kwa adabu na kuiacha ishike vumbi.

Basi nasaha yangu kwa mzazi, mwalimu, shangazi au mjomba anayetaka kumpa mtoto wa umri huo kitabu ni hii: mtafutie kwanza hadithi ya safari yenye hatari, na mtafutie hadithi ya kuchekesha, na ukiipata iliyokusanya yote mawili, inunue upesi. Mawaidha yasiwe ndiyo mizani ya kwanza ya kuchagulia. Sisemi hivi kwa kuyadharau maadili, ambayo hakuna malezi pasipo hayo, bali kwa sababu mbili ambazo kila aliyekaa na watoto wanaosoma anaweza kuzishuhudia. Ya kwanza ni kwamba kurasa 150 ni mwendo mrefu kwa mtoto asiyezoea, na hakuna kinachomwezesha kuustahimili mwendo huo kuliko shauku ya kutaka kujua kama yule aliyejificha atagunduliwa, kama jahazi litafika, kama mlango utafunguka. Ya pili ni kwamba mtu hawezi kulicheka jambo asilolifahamu. Majibu ya maswali ya ufahamu mtoto anaweza kuyakariri kutoka kwa mwenzake. Lakini akisoma kisa peke yake, amelala kifudifudi mkekani, kisha akacheka mahali penyewe pa kuchekea na kumwita nduguye aje asikie, hiyo ni shahada kamili kuwa ameyafahamu maneno, ameyafahamu yaliyokusudiwa nyuma ya maneno, na amemfahamu mtu aliyeyasema. Sijui mtihani wa kusoma ulio mwaminifu kuliko huo.

Kwa mtoto mzito wa kusoma, yule ambaye akiona ukurasa uliojaa maandishi huugeuza kutazama kama una picha upande wa pili, mimi humwanzia Hekaya za Abunuwasi. Katika tarehe za Waarabu mwenye jina hilo alikuwa mshairi wa Baghdad, zama za Khalifa Harun al-Rashid. Lakini Abunuwasi wa pwani yetu ni mtu mwingine kabisa, fukara mwenye akili kali, ambaye hana mali wala cheo wala jeshi, na kila siku hukutana na mwenye mali au mwenye cheo anayetaka kumdhulumu. Visa vyake ni vifupi, vingine havizidi kurasa mbili, na mtoto hukimaliza kimoja kabla hajakumbuka kuchoka. Kitazameni kile cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, akasema ya kwanza imezaa. Jirani, badala ya kustaajabu, akampokea mtoto wa sufuria kwa bashasha. Safari ya pili Abunuwasi aliazima asirudishe, na alipodaiwa akatoa habari ya msiba: sufuria imekufa. Jirani akang'aka, akauliza tangu lini shaba ikafa. Naye akajibiwa kwamba aliyekubali kuwa shaba huzaa hana budi kukubali kuwa hufa. Mtoto wa miaka 9 anayekicheka kisa hiki amekwisha kuifuata hoja kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, ameona jinsi tamaa ilivyomfunga mtu kwa kauli yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kuwa anasoma somo la mantiki.

Wako wanaoogopa kwamba Abunuwasi atawafunza watoto ujanja na kukopa bila ya kulipa. Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa, lakini naona haina msingi. Watoto wanajua vizuri sana nani ndani ya hadithi ana nguvu na nani hana. Na Abunuwasi anapoamriwa na sultani ajenge nyumba angani, akarusha tiara yenye kengele juu ya mji, kisha akamtaka sultani awatume watu wapandishe mawe na chokaa kwa kuwa mafundi wanangoja, mtoto hafurahii uwongo, anafurahia kuona amri isiyo na insafu ikirudi kwa mwenyewe.

Mtoto akishavizoea visa vifupi, yafaa avushwe kwenda katika hadithi moja ndefu, na kwa kazi hiyo sijapata kuona kitabu kinachoishinda hadithi ya Robert Louis Stevenson, ambayo Frederick Johnson aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Asili yake yenyewe ni ya kitoto: mwaka 1881, katika kijiji cha Braemar huko Scotland, Stevenson alichora ramani ya kisiwa akiwa na mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, aliyekuwa na umri wa miaka 13, na kutokana na ramani hiyo wakazaliwa maharamia, jahazi na dhahabu iliyozikwa. Kitabu kilichapishwa mwaka 1883. Wa kwanza kuisikiliza hadithi hii alikuwa kijana yule, sura moja moja ilivyokuwa ikiandikwa, na naamini hiyo ndiyo sababu haina ukurasa uliolala.

Nitaeleza mahali pamoja tu, ili mzazi aone namna ya kukitumia. Jahazi limo baharini, linakaribia kisiwa, na kijana Jim Hawkins usiku anataka tofaa. Pipa la matofaa liko juu ya sitaha, limekaribia kwisha, hata hana budi kuingia mwili mzima ili aokote. Na humo ndani, kwa giza na kwa sauti ya maji, usingizi unaanza kumchukua, mara mtu mzito anakaa chini na kuliegemea pipa. Mtu huyo anasema. Ni John Silver, mpishi mwenye mguu mmoja, ambaye Jim amempenda safari nzima kwa ucheshi wake na kasuku wake. Na maneno ayasemayo ni ya haramia anayepanga kuwaua watu wema wote waliomo chomboni. Jim anasikiliza, hapumui. Kisha Silver, kwa upole, anamwambia kijana mmoja miongoni mwa wafuasi wake aondoke akamletee tofaa kutoka katika lile pipa.

Hapo ndipo mzazi akifunge kitabu, aseme usiku umekuwa mwingi, akiweke juu ya meza mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, na aende akalale. Asikifungie kabatini. Kitu kitakachotokea baadaye ndani ya nyumba, pengine kwa mwanga wa tochi, ni jambo ambalo mzazi mwenye hekima hujifanya hakuliona. Wala kitabu hiki hakikukosa kicheko, kwani yumo Ben Gunn, maskini aliyeachwa peke yake kisiwani miaka mitatu, ambaye akikutana na binadamu kwa mara ya kwanza, miongoni mwa mambo ya kwanza anayouliza ni kama ana kipande cha jibini.

Sindbad Baharia, katika Alfu Lela Ulela, atafuata mara moja, hasa kwa watoto wa Lamu, Pemba, Kilwa na kokote kule ambako mashua huonekana kutoka dirishani. Mabaharia wanaowasha moto wa kupikia juu ya kisiwa, kisha kisiwa kikashituka na kuzama kwa kuwa kilikuwa samaki, hawahitaji utetezi wangu. Ila nawatahadharisha wazazi kwamba kitabu kizima cha Alfu Lela Ulela hakikutungwa kwa ajili ya watoto, na yafaa kuchagua toleo lililopunguzwa kwa ajili yao.

Na sasa nifike kwa Shaaban Robert, ambaye watu wengi humdhania kuwa mwalimu wa maadili tu, wakawaachia watoto wa sekondari wamsome kwa kulazimishwa. Adili na Nduguze, iliyotolewa mwaka 1952, ni kitabu kidogo, na mtoto hodari wa miaka 11 au 12 anakiweza. Mfalme Rai wa Ughaibu amengoja kodi ya Janibu isifike, akamtuma Ikibali kwenda kuuliza. Liwali wa Janibu, Adili, anampokea mgeni kwa taadhima kubwa. Lakini usiku, mgeni anapodhaniwa amelala, anamwona mwenyeji wake, huyo huyo mwema na mkarimu, akishika mjeledi na kuwapiga manyani wawili waliofungwa, kisha akilia, akiwabembeleza na kuwapa chakula kizuri. Nani asiyetaka kujua sababu? Ndipo hadithi inapofumuka: ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, bahari, jini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Mawaidha yamo, tena mengi, na kwa lugha ambayo mpaka leo sisi waandishi tunajifunza kwayo. Lakini mtunzi mwenyewe, aliyeyapenda maadili kuliko wengi wetu, hakuyatanguliza. Alitanguliza mjeledi na manyani usiku wa manane. Anayemwandikia au kumchagulia mtoto kitabu akizingatie kitendo hicho cha bwana yule.

Viko vitabu vya safari vinavyotaka uangalizi. Mashimo ya Mfalme Sulemani, ya Rider Haggard, ambayo pia Johnson aliifasiri mwaka 1929, ina mambo ya kusisimua kwelikweli, na ina kichekesho kisichosahaulika cha Kapteni Good, aliyekutwa na wenyeji amenyoa nusu ya uso, bila ya suruali, ana meno ya bandia na miwani ya jicho moja, wakamdhania kiumbe wa mbinguni, hata akalazimika kuendelea na safari katika hali hiyo hiyo ili heshima yake na ya wenzake isipungue. Lakini kitabu hicho kilitungwa mwaka 1885 na Mwingereza wa zama za kutwaa makoloni, na jicho lake linapomtazama Mwafrika halimtazami sawasawa. Sipendi kikatazwe, napenda kisitolewe kimya kimya. Mtoto asipewe kabla ya miaka 12, na akipewa, mzazi akisome pia, kisha amwulize swali moja tu: lau Umbopa, aliye mfalme wa haki katika hadithi hiyo, ndiye angeiandika, angeiandikaje? Nimeona swali hilo likiwafanya watoto wabishane mpaka chai ikapoa.

Kwa mtoto mwenye woga wa damu na bastola, na wako wengi wala hapana aibu, yupo Elisi. Ermyntrude St. Lo Conan-Davies alimleta kwetu mwaka 1940 katika Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akamleta upya, kwa Kiswahili cha siku hizi, katika Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Hatari za binti huyu ni za ndotoni: anarefuka, anafupika, anahukumiwa na karata. Ni kitabu cha kusomwa kwa sauti, kwa kuwa kicheko chake kimo katika majibizano, na mtoto anayekisoma kimya hupoteza nusu ya raha yake.

Ingelikuwa dhuluma kuwataja wageni na waliofariki zamani tu. Edwin Semzaba, katika Marimba ya Majaliwa ya mwaka 2008, alimzungusha kijana wake Tanzania kwa upana wake, na mtoto wa Dodoma akikisoma atakutana na nchi yake mwenyewe ikiwa nchi ya maajabu, jambo ambalo vitabu vya jiografia havijapata kulifanya. Ken Walibora wa Kenya, aliyetutoka mwaka 2020, aliwaandikia vijana Ndoto ya Amerika, kitabu chepesi kusomeka na kizito katika jambo kinalolicheka, yaani tamaa ya kijana kuikimbia nchi yake kabla hajaijua. Vitabu vya namna hii ni vichache mno kwa idadi ya watoto wanaosoma Kiswahili. Wachapishaji wetu wanajua kwamba kitabu cha kiada kina mnunuzi wa yakini, na riwaya ya mtoto haina. Na hali hiyo haitageuka mpaka wazazi wawe wanaingia dukani kuuliza riwaya ya mtoto kama waulizavyo kitabu cha hesabu.

Watoto wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam husoma Kiingereza pia, na kwa hao nitavitaja viwili tu. Holes ya Louis Sachar, ya Marekani, mwaka 1998, inamhusu Stanley Yelnats, mvulana aliyesingiziwa wizi wa viatu, akapelekwa kambini jangwani ambako kila mfungwa huchimba shimo moja kila siku, futi tano kwenda chini na futi tano upana. Ni hadithi ya dhuluma, na bado inachekesha kila baada ya kurasa chache. Nyingine ni Pippi Longstocking, aliyezuliwa na Astrid Lindgren wa Sweden kumtuliza binti yake aliyekuwa mgonjwa, ikachapishwa mwaka 1945: msichana wa miaka 9, mwenye nguvu za kumnyanyua farasi, anayeishi na tumbili na mkoba wa dhahabu, bila ya mtu mzima wa kumwamrisha alale. Wazazi wa Kiswahili walioko Muscat, London au Minnesota, ambao watoto wao wanavisoma vitabu vya namna hii kwa wepesi lakini Kiswahili wanakisikia jikoni tu, nawasihi wafanye kinyume cha kawaida: vya Kiingereza wawaachie wasome wenyewe, na Abunuwasi wawasomee wao kwa sauti yao, kwa lafudhi ya kwao.

Mwisho wa umri huu, yaani miaka 13, ndipo pa kumfungulia kijana mlango wa mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale katika mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Yamo mauaji, kwa hiyo mdogo zaidi angoje. Lakini mpelelezi huyu na kiko chake, na sahibu yake Najum anayeona kila kitu na kuelewa nusu, humfundisha kijana kusoma polepole, kwani dalili zimetawanywa katika maneno madogo madogo, na Kiswahili chenyewe, cha Unguja kilichokolea mzaha, ni furaha tupu.

Ama namna ya kumwingiza mtoto kitabuni, nitasema machache. Sura mbili za kwanza asomewe, hata awe anajua kusoma, kwa kuwa mwanzo wa kitabu kirefu ni mahali pagumu, penye majina mengi na habari za nyuma; watoto wetu ni wajukuu wa watu walioitikia paukwa kwa pakawa kila usiku, na masikio yao yangali hodari kuliko macho. Kabla ya kununua, mtoto afungue ukurasa wa katikati, asome, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu kingoje mwaka mwingine, au kisomwe na mkubwa. Vitabu vya zamani vina maneno yaliyokwisha kuwa adimu, na dawa yake ni kumwambia maana kwa ufupi na kuendelea, kamusi isiletwe katikati ya mapigano. Akitaka kuacha kitabu baada ya kurasa 40, aache. Akitaka kukisoma kile kile mara ya nne, asiambiwe kuwa anapoteza wakati, kwani mara ya nne anatazama jinsi kilivyofumwa. Na nawaomba sana, kwa haki ya watoto hawa, msiwaulize kila wanapofunga kitabu wamepata funzo gani. Waulizeni ni mahali gani walipocheka, au ni nani wasiyemwamini, kisha nyamazeni muwasikilize.

Fedha ni kikwazo cha kweli, na sitajifanya sikioni. Lakini maktaba za umma zipo: Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na matawi yamo mikoani, na huko Garissa, mwaka 1996, idara ya maktaba ya Kenya ilianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu kuwafuata watoto wa wafugaji, kwa hiyo umbali peke yake si hoja. Mahali pasipo na maktaba, wazazi watano wa mtaa mmoja wakinunua kila mmoja kitabu kimoja chenye hadithi tofauti, na watoto wao wakabadilishana, kila mtoto amepata vitano. Kitabu cha pili kiwe kimekwisha kufika nyumbani kabla cha kwanza hakijamalizika, kwa maana siku ya kumaliza ndiyo siku ambayo hamu imekuwa kali kuliko zote: aliyemaliza Abunuwasi akute Elisi mezani, aliyetoka katika kisiwa cha Stevenson apewe Sindbad, na aliyemwonea huruma Adili usiku ule wa manyani, huyo yu tayari kwa kitabu chochote mtakachompa.